Leptini: homoni ya shibe au ya akiba?

Kurasa za afya magazetini zimezoea kuiita leptini "homoni ya shibe". Jina linaeleweka upesi, ila linapotosha. Shibe ya mlo mmoja huletwa zaidi na tumbo lililotanuka na homoni za utumbo kama kolesistokinini, ambazo hupanda na kushuka kwa muda mfupi. Leptini hutengenezwa na seli za mafuta zenyewe, na kiasi chake katika damu hutegemea wingi wa mafuta yaliyohifadhiwa. Ikifika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, huzituliza seli za neva zinazochochea njaa na kuziamsha zile zinazoikata. Ndivyo ubongo unavyopata habari za ghala.

Jina leptini lilitokana na neno la Kigiriki leptos, "-embamba", baada ya kundi la Jeffrey Friedman kugundua jeni yake mjini New York mwaka 1994. Mimi lakini huvutiwa zaidi na kazi ya Douglas Coleman, miaka ya 1970, katika maabara ya Jackson huko Maine, Marekani. Alikuwa na aina mbili za panya wanene kupindukia. Akawaunganisha wawili wawili, mmoja wa kila aina, kwa upasuaji ili damu ya mmoja ipite kwa mwenzake. Panya wa aina ya kwanza, ambaye hadi hapo hakuwa ameacha kula, alisusa chakula hadi akafa kwa njaa. Wa pili aliendelea kula na kunenepa. Coleman akaamua kwamba wa kwanza amekosa kitu fulani damuni, na wa pili anacho tele ila mwili wake haukisikii.

Kitu chenyewe ni leptini. Panya aliyeikosa pia huwa mgumba na joto la mwili wake hushuka: ubongo unadhani akiba imekwisha, basi unabana matumizi. Kwa sababu hiyo naona "homoni ya akiba" inafaa zaidi.

Watu wengi wenye unene wa kupindukia wana leptini nyingi, tatizo lao ni usugu wa leptini, kama panya wa pili. Sindano za leptini zimewaokoa watoto wachache waliozaliwa bila homoni hiyo. Vidonge vinavyouzwa kwa jina lake ni biashara tu, kwani leptini ni protini, na ukiimeza tumbo litaisaga kama maharage.