Baridi Yabisi na Chemchemi za Kitagata

Walimu wenzetu waliozoea kusimama ubaoni tangu asubuhi hadi alasiri wanayajua vyema maradhi tunayotaka kuyaeleza. Goti hukakamaa mtu aamkapo, huuma apandapo ngazi, na jioni huvimba. Kwa Kiswahili huitwa baridi yabisi, na jina hilo lina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Maneno yote mawili ni ya asili ya Kiarabu. La pili maana yake ni kavu. Wanafunzi wetu hudhani kwamba mgonjwa alipigwa na upepo wa baridi. Sivyo. Waganga wa Kiyunani, akiwemo Galen wa karne ya 2, walifundisha kwamba mwili hutawaliwa na viowevu vinne: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kila kimoja kilikuwa na tabia zake mbili, na nyongo nyeusi ilihesabiwa kuwa baridi na kavu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyapanga mafundisho hayo kwa Kiarabu, nayo yakafika hata pwani ya Afrika Mashariki. Dawa ilikuwa kinyume cha maradhi: penye ubaridi na ukavu, patiwe joto na unyevu.

Mbali na pwani hiyo, huko Kitagata katika wilaya ya Sheema, magharibi mwa Uganda, watu wasiomsoma Galen wamekuwa wakifanya jambo lilo hilo. Katika Kinyankore, kutagata ni kuwa na joto. Chemchemi ni mbili. Moja huitwa Ekyomugabe, kwani ilikuwa ya mfalme wa Ankole. Ufalme ulifutwa mwaka 1967, jina likabaki. Ya pili wameiita Mulago, kama ile hospitali kubwa ya Kampala! Humo wagonjwa huketi na kuyaosha magoti yao, wakijihadhari na pale maji yanapotokea, maana joto lake hupita nyuzi 60.

Leo tunajua kwamba goti la mtu mzima huuma mara nyingi kwa sababu gegedu, lile tando gumu lenye utelezi lifunikalo ncha za mifupa, limelika. Nyongo haihusiki. Hata hivyo joto hulegeza misuli, na maji huupunguzia mguu uzito wa mwili. Uchunguzi kuhusu tope la moto, kama lile lipakwalo magotini huko Abano, Italia, umeonyesha nafuu ya muda. Gegedu lililolika halirudi.

Basi jina hilo la Mulago hutufurahisha na kututia wasiwasi pia. Goti lililovimba ghafla, lenye wekundu, na mgonjwa ana homa, huenda lina usaha ndani. Kila siku ipitayo chemchemini huzidi kuliharibu. Nalo pia mtaani litaitwa baridi yabisi. Kwa miaka mingi tulilifundisha neno hili kama jina la ugonjwa mmoja, tukaendelea na somo. Siku hizi tunawaambia wanafunzi kwamba ni jina la maradhi kadhaa, na anayeweza kuyatenganisha ni daktari.