Barafu ya Rwenzori na Mito ya Mutwanga

Asubuhi mawingu yakiondoka, sisi wa Mutwanga huinua macho tu na Rwenzori iko mbele yetu. Wazee wetu, Wanande wa upande huu na Wakonzo wa upande wa Uganda, waliiita barafu ya juu Nzururu, wakaiheshimu. Sisi tumezaliwa wakati inapoondoka.

Historia ya barafu hiyo imeandikwa zaidi na wageni. Mwezi wa Juni 1889, msafara wa Stanley ulipopita bonde la Semuliki, Luteni Stairs alijaribu kupanda, akarudi kabla ya kuikanyaga theluji. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda kwa bonde la Butahu, bonde ambalo wapandaji walioanzia Mutwanga walilifuata baadaye, akafika karibu mita 4,000. (Wapagazi wengi waliowabebea mizigo hawakuandikwa majina.) Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipanda kutoka Uganda hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, na mwenzake Vittorio Sella akapiga picha. Picha hizo ndizo shahidi wetu. Wakati ule barafu ilikadiriwa kufunika kilomita za mraba 6.5, katika milima sita ya safu hii. Kufikia mwaka 2003 haikufika hata kilomita moja ya mraba, na milima mitatu, yaani Emin, Gessi na Luigi di Savoia, ilikuwa imebaki mwamba mtupu.

Wengi husema: barafu ikiisha, mito yetu itakauka. Tulisema hivyo sisi pia. Lakini wataalamu waliopima mito upande wa Uganda walikuta kwamba maji yatokanayo na barafu ni chini ya asilimia 2. Mito hulishwa na mvua, na mvua hushikwa na misitu na mabwawa ya nyanda za juu, kisha huachiliwa polepole. Barafu inatuonyesha joto la dunia, ambalo viwanda vya mbali vimelisababisha kuliko sisi. Msitu ndio unaotunza maji.

Komoro walijifunza hayo kwa uchungu. Katika kisiwa cha Nzwani miti ya milimani ilikatwa kwa mashamba na kuni, na mito mingi iliyotiririka mwaka mzima sasa hutiririka msimu wa mvua tu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikawakuta katika hali hiyo.

Karibu zaidi nasi, ng'ambo ya mlima, mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaiharibu hospitali ya Kilembe.

Kwetu msitu wa juu umo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Tusijidanganye kwamba sheria inatosha. Vita vimewaleta wakimbizi wengi, na aliyeacha shamba lake akikimbia mauaji atapika kwa nini, kama si kwa kuni na makala? Kumlaumu yeye ni rahisi mno. Tangu mwaka 2013 mto utokao mlimani unazalisha umeme hapa Mutwanga. Nyumba zinawaka taa, na kiwanda cha sabuni kilijengwa. Hata hivyo, katika nyumba nyingi zenye taa hizo, sufuria bado iko juu ya makala.