Mgeni na Jembe: Historia ya Kujifunza Kuhariri Kamusi Elezo ya Kiswahili Mtandaoni

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inaeleza namna jamii inavyompokea mtu mpya: kwanza hukirimiwa, huangalia wenyeji wanavyofanya, kisha hushirikishwa kazini. Katika Wikipedia, kamusi elezo inayoandikwa kwa pamoja katika intaneti, mpangilio huo umepinduliwa. Mgeni hukabidhiwa jembe siku ya kwanza, kabla ya kuulizwa jina na kabla ya kuonyeshwa mipaka ya shamba. Ukarimu na mafunzo huja baadaye, na mara nyingine haviji kabisa.

Mhadhara huu unachunguza jinsi utaratibu huo ulivyotokea, jinsi ulivyoingia katika Kiswahili tangu mwaka 2003, na mambo ambayo mhariri mgeni hulazimika kujifunza. Hoja inayotetewa ni kwamba mgeni anaposhindwa kujifunza, hasara si yake peke yake. Ni hasara ya lugha, kwa sababu maarifa aliyokuja nayo huondoka pamoja naye.

2.0 Kutoka Idhini ya Kabla hadi Masahihisho ya Baadaye

Historia ya maandishi ya Kiswahili inajua njia mbili za kuhakiki matini. Njia ya kwanza ni ya idhini. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, moja ya kazi zake ilikuwa kupitia miswada ya vitabu vya shule kabla havijachapishwa, ili vifuate Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Muswada ambao haukuridhisha ulirudishwa kwa mwandishi.

Njia ya pili ni ya wanakili. Tenzi na mashairi ya pwani yalihifadhiwa kwa kunakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, na kila mnakili alikuwa pia msomaji na msahihishaji. Mwalimu Sikujua wa Mombasa alimkusanyia mmisionari W. E. Taylor mashairi ya Muyaka bin Haji na kumfafanulia maana zake. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Katika utaratibu huo matini haikufungwa moja kwa moja. Nakala mbili za utenzi mmoja ziliweza kutofautiana, na tofauti hizo ndizo zinazowapa wahakiki wa leo kazi ya kufanya.

Kamusi elezo ya mtandaoni ilipitia njia hizo hizo mbili. Mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha Nupedia nchini Marekani. Makala zake ziliandikwa na wataalamu na kupita hatua saba za uhakiki kabla ya kutolewa. Utaratibu ulikuwa makini lakini mzito: hadi mradi ulipofungwa mwaka 2003, makala zilizokamilika hazikufika thelathini. Tarehe 15 Januari 2001 waanzilishi hao walifungua mradi wa pembeni, Wikipedia, uliotumia programu ya aina iliyobuniwa na Ward Cunningham mwaka 1995. Jina la programu hizo, wiki, limetokana na neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. Mtu yeyote aliweza kubadili ukurasa, na toleo la zamani lilibaki limehifadhiwa. Kabla ya mwaka 2001 kwisha, Wikipedia ilikuwa na makala takribani 20,000.

Kwa hiyo mageuzi makubwa yalihusu wakati wa kuhakiki. Kamati ilihakiki kabla ya kuchapa. Wikipedia huchapa kwanza, kisha huhakiki mbele ya watu wote. Hapo ndipo matatizo ya mgeni yanapoanza, kwa kuwa makosa yake ya kwanza huonekana na kila mtu.

3.0 Kiswahili Chaingia Shambani

Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003. Miaka yake ya mwanzo ilitegemea watu wachache sana, baadhi yao wakiwa nje ya Afrika Mashariki ambako intaneti ilikuwa nafuu. Miongoni mwao alikuwamo Ndesanjo Macha, mwandishi Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, ambaye pia alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa blogu za Kiswahili. Mchango wa watu hao haukuwa wa makala peke yake. Iliwabidi watafute istilahi za kazi yenyewe. Neno la kumwita msimamizi wa ukurasa likawa mkabidhi. Makala fupi inayongoja kukuzwa ikaitwa mbegu. Kazi yote ikaitwa kamusi elezo, istilahi inayoshindana na ensaiklopidia hadi leo. Kwa mwanafunzi wa isimu, maneno hayo ni ushahidi wa uundaji istilahi uliofanywa na watumiaji wenyewe, nje ya mabaraza na taasisi.

Mwaka 2009 ulileta mabadiliko mawili. Kwanza, nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na eneo likaanza kuachana na utegemezi wa setilaiti. Pili, kampuni ya Google ilitangaza shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Makala nyingi ziliandikwa kwa muda mfupi, nyingi zikiwa tafsiri kutoka Kiingereza. Shindano lilipokwisha mwaka 2010, washiriki wengi hawakurudi. Wahariri wachache waliokuwapo tangu zamani walibaki na kazi ya kusafisha sentensi ambazo maneno yake yalikuwa ya Kiswahili na sarufi yake ya Kiingereza.

Fundisho la tukio hilo liko wazi. Zawadi inaweza kumleta mgeni, lakini haiwezi kumfanya mwenyeji. Uenyeji hutokana na kuelewa utaratibu wa kazi na kupata mtu wa kuzungumza naye kuhusu utaratibu huo.

4.0 Mambo Anayojifunza Mgeni

Wikipedia ya Kiswahili ina makala nyingi fupi kuhusu kata za Tanzania, zinazotaja wilaya, mkoa na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Makala ya namna hiyo ni mlango wa kawaida wa kuingilia. Msomaji hukuta kata ya kwao imeelezwa kwa sentensi mbili, naye anajua mengi zaidi. Hubonyeza neno Hariri, huandika kwamba wakazi wake ni wakarimu na wachapakazi, huongeza habari za asili ya jina la kata kama alivyosimuliwa na babu yake, kisha huhifadhi. Kesho yake maneno yake hayapo.

Hatua hiyo ndiyo njia panda. Wengi huamini wametukanwa, nao huondoka. Anayebaki hugundua kitu ambacho kitabu kilichochapwa hakina, yaani historia ya ukurasa. Humo kila badiliko limeandikwa kwa tarehe, saa, jina la aliyelifanya na sababu aliyoitoa. Maneno yake hayakupotea. Yamewekwa kando na yanaweza kurejeshwa. Vilevile huona kwamba kila makala ina ukurasa wa majadiliano, ambapo anaweza kuuliza sababu na kujibiwa.

Akiuliza, hufundishwa kanuni mbili. Ya kwanza ni ya msimamo usioegemea upande. Kusema wakazi ni wakarimu ni sifa, nayo sifa haihakikiki. Kueleza mazao wanayolima na masoko wanayouzia ni habari. Ya pili ni ya vyanzo. Haitoshi jambo liwe la kweli. Msomaji lazima aonyeshwe mahali linapoweza kuthibitishwa. Mwandishi aliyelelewa katika insha za shule, ambamo maoni yake ndiyo yanayotakiwa, huona ugumu kuzizoea.

Kanuni hizo zilikazwa kutokana na matukio. Mwaka 2005 iligundulika kwamba wasifu wa mwanahabari wa Marekani John Seigenthaler katika Wikipedia ya Kiingereza ulikuwa na uzushi uliokaa miezi kadhaa bila kuondolewa. Mwezi Desemba mwaka huo, wageni wasiojiandikisha walizuiwa kuanzisha makala mpya katika toleo hilo. Baadaye ziliundwa programu za kukamata uharibifu kwa haraka. Uharibifu ulipungua, lakini gharama ilikuwa kubwa. Idadi ya wahariri hai wa toleo la Kiingereza ilifika kilele mwaka 2007, kisha ikaanza kushuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Aaron Halfaker na wenzake ulionyesha kwamba wageni wenye nia njema walikuwa wakikataliwa zaidi kuliko zamani, na kukataliwa huko kuliwafukuza. Mwongozo unaowataka wenyeji wasiwe wakali kwa wageni ulikuwapo muda mrefu. Kilichopungua ni mtu wa kuutekeleza.

Afrika Mashariki ilionja hali hiyo mwaka 2010. Video ya wimbo wa kundi la Just A Band la Nairobi ilimtoa Makmende, shujaa wa mzaha ambaye jina lake lilijulikana katika Sheng tangu zamani. Vijana wa Kenya walipojaribu kumwandikia makala katika Wikipedia ya Kiingereza, ilifutwa zaidi ya mara moja na wahariri waliodhani ni upuuzi. Ilikubaliwa baada ya vyombo vya habari vya nje kumtaja. Jambo lililokuwa mdomoni mwa Nairobi nzima lilihitaji shahidi kutoka ng'ambo.

5.0 Suala la Simulizi

Kisa cha Makmende kinarudisha swali la babu na jina la kata. Iwapo chanzo ni lazima kiwe kimechapishwa, basi jamii ambazo historia yake haijachapishwa zitabaki na sentensi mbili. Mwaka 2011 mradi ulioongozwa na Achal Prabhala nchini India na Afrika Kusini ulijaribu kurekodi mahojiano na kuyatumia kama marejeo ya makala. Pendekezo hilo lilizua mjadala mkali, wala halijawa kanuni ya kawaida.

Hata hivyo, wanahistoria wa Afrika Mashariki walishakabiliana na tatizo hili. Katika miaka ya 1960 Bethwell Ogot aliandika historia ya Waluo wa Kusini, na Isaria Kimambo historia ya Wapare, wakitumia masimulizi ya wazee kama chanzo. Hawakuyapokea bila kuyapima. Walikusanya masimulizi mengi, wakayalinganisha, wakaeleza yalivyopatikana. Kwa njia hiyo simulizi ikawa chanzo kinachoweza kuhojiwa.

Mhariri mgeni hawezi kufanya kazi hiyo peke yake ndani ya Wikipedia, kwa sababu kamusi elezo hairuhusu utafiti mpya. Chuo kikuu kinaweza. Tasnifu kuhusu majina ya mahali, mkusanyo wa masimulizi ya kata moja, jarida dogo lenye tarehe na majina ya wasimulizi walioridhia kutajwa: vitu hivi vikichapishwa na kupatikana, simulizi ya babu hupata mahali pa kusimama.

6.0 Hitimisho

Wikipedia ya Kiswahili leo ina makala zaidi ya 70,000, na nchini Tanzania vikundi vya wahariri vimekuwa vikiendesha warsha ambamo mgeni huketi kando ya mwenyeji. Huko ni kurejea katika mpangilio wa methali: kuangalia kwanza, kulima baadaye. Umuhimu wake umeongezeka kwa sababu wasomaji wa kamusi elezo si binadamu tu. Programu za kompyuta zinazofunzwa lugha hulishwa matini zake, na sentensi mbovu iliyoachwa humo inaweza kurudi kwa wanafunzi kama Kiswahili.

Mnakili wa zamani alipokamilisha kazi aliweza kuandika mwishoni jina lake na tarehe, na msomaji akajua amlaumu au amshukuru nani. Historia ya ukurasa inafanya kazi hiyo hiyo kwa kila koma. Mgeni aliyefundishwa kuisoma huelewa kwamba kusahihishwa si kufukuzwa, naye hubaki shambani. Asiyefundishwa huliacha jembe chini, na kata ya kwao hubaki na sentensi zake mbili.