Buyenzi: Ramani ya Serikali, Mtaa wa Wenyeji

Mji hupimwa kwa kamba na vigingi, lakini hukamilika kwa watu wakaao ndani yake na namna wanavyopatana. Ushahidi wa jambo hili umo katika tarehe ya Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa Bujumbura.

Katika zama za Wajerumani, mji huo ulipoitwa Usumbura, walikusanyika kando ya Ziwa Tanganyika wafanya biashara, askari na wachukuzi waliotoka pwani, Ujiji na Manyema. Wengi wao lugha yao ilikuwa Kiswahili na dini yao Uislamu. Wabelgiji waliutwaa mji mwaka 1916, wakaugawa kwa rangi za watu: Wazungu mahali pao, Wahindi na Waarabu pao, na Waafrika pao. Baina ya vita vikuu viwili vya dunia, Waswahili waliwekwa Buyenzi. Njia zake zilinyooshwa zikakatana kama mistari ya daftari, nazo zikapewa nambari badala ya majina. Shauri hilo lilikatwa na serikali ya kikoloni.

Hata hivyo, mistari ile wenyeji waliijaza kwa desturi zao. Walijenga misikiti na vyuo vya Kurani. Wazee walisuluhisha magomvi barazani. Na mgeni aliyeshuka kutoka milimani, au aliyevuka ziwa, alipata pa kufikia. Hivyo mtaa uliokusudiwa kutenga watu uligeuka mahali pa kuwachanganya. Zilipoanza siasa za kudai uhuru, Mwanamfalme Louis Rwagasore na chama chake cha UPRONA waliungwa mkono sana na Waswahili wa mji, hata chama kikashinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961.

Thamani ya desturi hiyo ilidhihirika vita vilipozuka mwaka 1993. Mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika. Katika mwaka 1994 Kamenge ilikuwa ya Wahutu na Ngagara ya Watutsi. Buyenzi ilikataa kugawanywa. Wahutu na Watutsi waliendelea kukaa humo pamoja, na waliofukuzwa kwingine wakapata hifadhi. Umoja huo haukuchorwa na ofisi yoyote. Ulijengwa na majirani kwa miaka mingi.

Sheria ya mwaka 2005 iliwapa raia wa Burundi haki ya kuchagua mabaraza ya komini. Mwaka 2014 komini 13 za mji ziliunganishwa kuwa 3, na Buyenzi ikaingizwa katika Mukaza. Baraza lilipokuwa kubwa, likawa mbali zaidi na mlango wa mwananchi.

Basi yawapasa wapimao njia, masoko na mifereji wawaulize kwanza wakazi. Nao wakazi yawapasa wahudhurie mashauri ya mji kama wahudhuriavyo mazishi na harusi za jirani. Mwenyezi Mungu amewasifu katika Kurani waumini ambao mambo yao ni kushauriana baina yao. Buyenzi ni shahidi wa baraka ya mwendo huo.