Pango na Pengo: Karne Moja ya Nyumba za Halmashauri nchini Uingereza

Katika Kiswahili neno kodi hubeba maana mbili, yaani fedha ambayo mwananchi huilipa serikali na fedha ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba, na ingawa wanaotaka kuzitenganisha hutumia neno pango kwa maana hiyo ya pili, mkanganyiko huo unaeleza vizuri kuliko istilahi nyingi za wataalamu yale yaliyozipata nyumba za halmashauri za Uingereza. Nyumba hizo, zilizojengwa na serikali za mitaa na kupangishwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko, zilianza kama huduma iliyobebwa na mikono mitatu: Hazina ya serikali kuu iliyotoa ruzuku, halmashauri iliyochangia kutoka katika kodi ya majengo, na mpangaji aliyelipa pango. Hazina ilipovuta mkono wake, na ilifanya hivyo mara nyingi, pengo lililobaki lilizibwa kwa pango, hata mpangaji akawa analipa, chini ya jina hilo, fedha ambayo kwa haki ingeitwa kodi.

Chimbuko la mpango mzima lilikuwa mgogoro wa pango. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi walimiminika Glasgow, mji wa viwanda vya silaha na vya kuunda meli, na wenye nyumba wakatumia uhaba wa vyumba kupandisha pango huku waume na wana wa wapangaji wengi wakiwa vitani. Wanawake wa mtaa wa Govan, wakiongozwa na Mary Barbour, waliunda kamati, wakagoma kulipa nyongeza, na wakajipanga mlangoni kuwazuia maofisa waliotumwa kutoa watu majumbani. Kufikia Novemba kaya zipatazo 20,000 zilikuwa katika mgomo, na tarehe 17 ya mwezi huo umati mkubwa, wakiwemo wafanyakazi walioacha zana zao viwandani, ulifurika nje ya mahakama ambako baadhi ya wapangaji walikuwa wameshtakiwa. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilipitisha sheria iliyorudisha pango katika kiwango cha Agosti 1914, na kwa kuwa wenye mitaji hawakuona tena faida ya kutosha katika kuwajengea watu wa chini, ikawa vigumu kwa serikali kuikwepa kazi hiyo.

Sheria ya Nyumba ya mwaka 1919, inayotajwa kwa jina la waziri Christopher Addison, iliweka kanuni ambayo ukarimu wake haukupata kurudiwa: hasara ya halmashauri ilikomea kwenye mapato ya peni moja kwa kila paundi ya thamani ya majengo iliyotozwa kodi, na kilichozidi hapo kilibebwa na Hazina. Lengo lilikuwa nyumba 500,000, lakini mwaka 1921 serikali ilisimamisha mpango huo kwa hoja ya kubana matumizi, nyumba zilizopatikana zikiwa chini ya nusu ya lengo. Aliyerudisha ruzuku iliyodumu ni John Wheatley, waziri wa Chama cha Labour aliyetoka Glasgow hiyohiyo, ambaye sheria yake ya mwaka 1924 ilitoa paundi 9 kwa mwaka kwa kila nyumba ya mjini, kwa muda wa miaka 40, halmashauri ikiongeza paundi 4 na nusu. Nyumba takriban nusu milioni zilijengwa kwa utaratibu huo kabla ya ruzuku kufutwa mwaka 1933. Hata hivyo inafaa kusema wazi kwamba wengi waliofaidi walikuwa mafundi wenye kazi za uhakika, kwa sababu pango, pamoja na ruzuku yote hiyo, lilibaki juu ya uwezo wa walio maskini zaidi.

Udhaifu wa mkono wa pili, ule wa halmashauri, ulikwisha kudhihirika huko Poplar, mashariki ya London, mwaka 1921. Kodi ya majengo ilitozwa mahali kwa mahali, kwa hiyo mtaa wa maskini ulikuwa na wahitaji wengi wa kusaidiwa na majengo ya thamani ndogo ya kutozwa, ilhali mtaa wa matajiri ulikuwa kinyume chake. Madiwani wa Poplar, wakiongozwa na George Lansbury, walikataa kukusanya michango ya vyombo vya jiji zima hadi mzigo huo ugawanywe kwa usawa, na thelathini kati yao wakafungwa gerezani kwa wiki kadhaa. Waliushinda ubishi huo, kwani Bunge lilikubali mitaa yenye mali isaidie kuhudumia maskini wa mitaa mingine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ruzuku ilipanda tena chini ya waziri Aneurin Bevan, na mwaka 1949 sheria ilifuta sharti kwamba nyumba hizo ni za tabaka la wafanyakazi peke yake. Katika muongo uliofuata serikali ya Conservative ilianza kuipunguza, na kwa sheria ya mwaka 1956 ilitoa fedha nyingi zaidi kwa kadiri jengo lilivyokuwa refu, jambo lililozipa halmashauri sababu ya kupandisha maghorofa ambayo lifti na ngazi zake zingekuja kuwa chanzo cha ada za kila wiki kwa wapangaji wa vizazi vya baadaye.

Tukio linaloonyesha waziwazi zaidi nani aliandaliwa kulipa lilitokea Clay Cross, mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la Derbyshire. Sheria ya Fedha za Nyumba ya mwaka 1972, iliyotungwa na serikali ya Edward Heath, ilizinyang'anya halmashauri mamlaka ya kupanga pango na kuziamuru zilipandishe hatua kwa hatua hadi kiwango kilichoitwa pango la haki, kwa kuanzia na nyongeza ya takriban paundi 1 kwa wiki kuanzia Oktoba mwaka huo. Sheria hiyohiyo ilianzisha punguzo la lazima kwa wapangaji maskini, nalo lilikuwa jambo jema, lakini ziada ya makusanyo ilitarajiwa kusaidia kugharimia punguzo hilo, maana yake mfanyakazi wa kipato cha wastani alimlipia jirani yake mnyonge kazi ambayo ilipaswa kufanywa na walipakodi wote wa nchi, wakiwemo matajiri wasiopanga.

Madiwani kumi na mmoja wa Clay Cross, ambao walikuwa wamezoea kuweka pango la chini na ambao waliendelea kuwapa watoto wa shule maziwa ya bure hata baada ya serikali kuu kuyafuta, walikataa kupandisha pango hata kwa peni moja. Mkaguzi wa hesabu aliwatoza binafsi paundi 6,985 zilizohesabiwa kuwa hasara iliyosababishwa na kukataa kwao, rufaa yao ikashindwa, na wakapoteza haki ya kushika nyadhifa hizo. Uchaguzi ulipofanyika kujaza nafasi zao, wengi wa waliochaguliwa walikuwa na msimamo uleule. Serikali ilimtuma kamishna wa nyumba mwezi Oktoba 1973, lakini hakupewa ushirikiano na hakufanikiwa kuikusanya nyongeza hiyo. Halmashauri yenyewe ilikoma kuwapo Aprili 1974 katika mageuzi ya mipaka ya serikali za mitaa, na mwaka uliofuata serikali mpya ya Labour ikabadilisha sheria iliyozua mgogoro.

Waliotunga Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980, chini ya Margaret Thatcher, hawakuhitaji tena makamishna. Sheria hiyo inakumbukwa kwa haki ya wapangaji kununua nyumba zao kwa punguzo la asilimia 33 hadi 50, lakini sehemu iliyogusa waliobaki ni hesabu ya ruzuku: serikali ilikadiria nyongeza ya pango, ikaitoa katika ruzuku hata kama halmashauri haikuipandisha, na hapakuwa na amri ya kuvunja. Katika muda wa miaka mitatu hivi wastani wa pango uliongezeka takriban mara mbili. Kuanzia mwaka 1990 akaunti ya mapato ya nyumba iliwekewa uzio, yaani halmashauri ilikatazwa kuichangia kutoka katika kodi zake, na kwa miaka kadhaa ziada yake ilitumika kulipia misaada ya pango ya maskini, kwa mtindo uleule uliokataliwa Clay Cross. Utaratibu wa kitaifa wa kuhamisha mapato ya pango kutoka halmashauri moja hadi nyingine ulikoma mwaka 2012, na halmashauri nyingi zikabeba madeni mapya ili zibaki na makusanyo yao.

Wakati huo sera ya kubana matumizi ilikuwa imeshika kasi. Kwa mujibu wa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, fedha za serikali kuu kwa halmashauri za England zilipungua kwa asilimia 49.1, baada ya kuondoa athari ya mfumuko wa bei, kati ya mwaka wa fedha 2010/11 na 2017/18. Aprili 2013 wapangaji maskini walipigwa mara mbili kwa pamoja: msaada wa kulipa kodi ya halmashauri ulikabidhiwa halmashauri zenyewe ukiwa umepunguzwa kwa asilimia 10, wazee wakilindwa na wengine wakiachiwa upungufu wote, na aliyehesabiwa kuwa na chumba kimoja cha ziada alikatwa asilimia 14 ya msaada wa pango, au 25 kwa vyumba viwili na zaidi. Kweli serikali iliamuru pango lishuke kwa asilimia 1 kila mwaka kuanzia 2016 hadi 2020, ila haikurudisha mapato yaliyopotea, na fedha za matengenezo zikapungua.

Septemba 2023 halmashauri ya Birmingham, yenye nyumba za kupangisha zipatazo 60,000, ilitangaza kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake, kutokana na madai ya malipo sawa ya wafanyakazi wanawake na mfumo wa kompyuta uliovurugika, juu ya upungufu wa ruzuku wa miaka mingi. Oktoba hiyo, miaka hamsini kamili baada ya kamishna wa Clay Cross, serikali ilituma makamishna wake. Safari hii hawakukutana na madiwani waliofunga milango: Machi 2024 baraza lilipiga kura kupandisha kodi ya halmashauri kwa asilimia 9.99, katika mwaka ambao kikomo cha nyongeza ya pango nchini kilikuwa asilimia 7.7.