Bomba la moshi la pikipiki: historia iliyotoka Zschopau ikafika kwa mafundi wetu wa Kivu



Hapa Kivu pikipiki ndiyo gari ya maskini na ya tajiri. Inabeba mgonjwa, gunia la viazi, mwanafunzi, jeneza, na siku ya kukimbia inabeba baba, mama na watoto watatu pamoja na godoro. Kwa hiyo fundi wa pikipiki ni mtu wa maana katika kila kartie. Kati ya kazi zote anazozifanya, kuna moja inayozusha maneno mengi: kukata bomba la moshi la kiwanda na kutengeneza lingine kwa mikono yake. Vijana wanasema linaongeza nguvu. Wazee wanasema linaongeza kelele tu. Leo tuangalie elimu hiyo ilitoka wapi, kwa sababu historia yake ni ya watu waliopitia vita, waliokosa vyuma, na waliolazimika kukimbia nchi yao.

Mji mdogo na pikipiki iliyonakiliwa duniani kote

Mashariki ya Ujerumani, katika jimbo la Saxony, kuna mji mdogo unaoitwa Zschopau. Ni hapo Mdenmaki mmoja, Jørgen Skafte Rasmussen, alianzisha kiwanda cha DKW. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kiwanda hicho kilikuwa kinatengeneza pikipiki nyingi kuliko kingine chochote duniani. Mwaka 1939 kilitoa pikipiki ndogo ya RT 125, yenye injini ya mapigo mawili: haina valvu, ina vipande vichache, na inatumia esanse iliyochanganywa na oili.

Vita vya pili vya dunia vilipoisha mwaka 1945, Ujerumani ilikuwa imeshindwa. Mashine za kiwanda cha Zschopau zilichukuliwa na Wasoviet, na michoro ya RT 125 ikawa nyara ya washindi. Uingereza waliitumia kutengeneza BSA Bantam. Marekani, Harley-Davidson nao wakatengeneza ya kwao. Wasoviet walikuwa na yao. Na Japani, mwaka 1955, kiwanda kipya kilichoitwa Yamaha kilitoa pikipiki yake ya kwanza kabisa, YA-1, iliyofuata mfano huo huo wa Zschopau. Wale wanaokumbuka Yamaha AG 100 za misheni, za wauguzi na za mashirika zikipanda milima yetu zikitoa ule moshi wa bluu, sasa wanajua babu yake alizaliwa wapi.

Fundi Walter Kaaden

Katika eneo hilo hilo alizaliwa Walter Kaaden, mwaka 1919. Wakati wa vita alikuwa injinia katika kazi za mabomu ya kurushwa kutoka kwenye ndege. Baada ya vita alirudi kwao akafungua biashara ya mbao, akitengeneza kenchi za paa kwa ajili ya nyumba zilizobomolewa. Mapenzi yake lakini yalikuwa kwenye pikipiki. Kazi ya mbao ikiisha, alijenga mwenyewe pikipiki ya mashindano kutokana na RT 125. Mwaka 1953 kiwanda cha Zschopau, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la MZ, kilimpa idara yake ya mashindano.

Ujerumani ya Mashariki ya wakati ule ilikuwa na uhaba. Chuma kizuri kilikosekana, fedha za kigeni zilikosekana, vipuri vilitafutwa kwa shida. Mafundi wetu wanaijua hali hiyo bila kuelezwa. Kaaden hakuweza kushindana na matajiri kwa kununua, akalazimika kushindana nao kwa kufikiri.

Injini ya mapigo mawili ina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa. Wakati moshi unatoka kwenye silinda, hewa mpya yenye esanse inaingia wakati huo huo, na tundu la kutokea liko wazi. Sehemu ya esanse mpya inatoka pamoja na moshi kabla haijawaka. Ni kama kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Dawa yake ilikuwa ndani ya bomba la moshi. Tundu la kutokea linapofunguka, moshi unatoka kwa kishindo, na kishindo hicho kinasafiri ndani ya bomba kama sauti. Ukisimama ng'ambo ya bonde ukapiga kelele, mlima unakurudishia mwangwi. Bomba nalo linarudisha mwangwi. Likipanuka kama tarumbeta, mwangwi unaorudi unavuta, unasaidia kuufyonza moshi wa zamani. Likianza kubana tena, mwangwi unaorudi unasukuma: ile esanse iliyotoroka inarudishwa ndani ya silinda sekunde kidogo tu kabla tundu halijafungwa. Bomba linafanya kazi ya valvu, na hakuna kipande kinachocheza ndani yake.

Wazo la bomba lenye tumbo halikuanza na Kaaden. Erich Wolf, wa DKW upande wa Magharibi, alikwisha kulitumia mwaka 1951. Kazi ya Kaaden ilikuwa kulielewa. Alipima mawimbi hayo kwa chombo cha umeme kinachoonyesha mstari kwenye kioo, akabadilisha urefu, akabadilisha koni, akapima tena. Mwaka 1954 injini yake ya sentimeta za ujazo 125 ilikuwa inatoa nguvu za farasi 13. Mwaka 1961 ilifika 25, ikizunguka mara 10,800 kwa dakika. Hiyo ni sawa na nguvu za farasi 200 kwa kila lita moja ya injini, kitu ambacho hakuna injini isiyosukumiwa hewa kwa mashine iliyokuwa imekifikia kabla yake.

Mkimbizi Ernst Degner

Dereva wake mkubwa aliitwa Ernst Degner. Alizaliwa mwaka 1931 katika mji wa Gleiwitz, ambao baada ya vita uliingia Poland na leo unaitwa Gliwice. Mamilioni ya Wajerumani wa sehemu zile walihama au walifukuzwa. Degner alikulia katika nchi ambayo si ile aliyozaliwa, jambo ambalo wengi wanaosoma mstari huu wanalielewa vizuri.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961, serikali ya Ujerumani ya Mashariki ilifunga mpaka wa Berlin na ukuta ukaanza kujengwa. Degner aliruhusiwa kusafiri kwenda mashindano, lakini mke wake na watoto wao wawili walibaki nyumbani, na hapo palikuwa na kamba iliyomfunga. Mwezi uliofuata, Septemba 1961, alikuwa Kristianstad, Sweden, akiwa mmoja wa wawili waliogombea ubingwa wa dunia wa 125. Injini yake ilikufa njiani. Hakurudi Zschopau. Alivuka akapitia Denmark hadi Ujerumani ya Magharibi. Siku zile zile mke na watoto walivushwa mpaka wakiwa wamefichwa nyuma ya gari, watoto wakiwa wamepewa dawa ya usingizi wasilie.

Alikuwa amekwisha kupatana na Suzuki ya Japani. Mashindano ya mwaka ule Suzuki walikuwa nyuma sana. Degner alipofika Japani, alileta elimu aliyoipata Zschopau na namna ya kufikiri ya Kaaden. Mwaka 1962 alikuwa bingwa wa dunia wa 50 akiendesha Suzuki. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Suzuki na wa kwanza kwa injini yoyote ya mapigo mawili tangu mashindano hayo yaanze. Miaka iliyofuata Wajapani waliijaza dunia pikipiki za namna hiyo.

Aliiba au alikimbia? Watu wanabishana hadi leo. Kwa upande wa Kaaden, kazi yake ya miaka minane iliondoka na mtu aliyemwamini, na Zschopau haikupata ubingwa ule. Kwa upande wa Degner, kulikuwa na mke, watoto wawili na ukuta unaopanda kila siku. Elimu ile ilikuwa mali aliyovuka nayo. Ukweli wa mmoja hauufuti ukweli wa mwingine. Degner aliungua vibaya kwenye ajali huko Suzuka mwaka 1963, hakuwa tena yule wa zamani, akafariki mwaka 1983. Kona moja ya uwanja wa Suzuka ingali na jina lake. Kaaden hakuhama. Aliendelea na kazi yake hadi MZ walipoacha mashindano makubwa, akafariki mwaka 1996, akiwa ameishi kuona ukuta umeanguka.

Hesabu unayoweza kuifanya nyumbani

Elimu hiyo leo si siri. Fundi mwenye mkasi wa bati, nyundo na mashine ya kuchomelea anaweza kuifuata. Tuchukue injini ya mapigo mawili tunayotaka ivute vizuri ikizunguka mara 8,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.0075. Kama tundu la moshi linabaki wazi kwa nyuzi 180, yaani nusu ya mzunguko, mwangwi una sekunde 0.00375 za kwenda na kurudi. Katika moshi wa moto unasafiri karibu mita 510 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni mita 1.91, kwenda peke yake ni sentimeta 95 hivi. Huo ndio urefu kutoka pistoni hadi katikati ya koni ya mwisho. Ukitaka nguvu ije mapema kwa ajili ya milima, bomba linakuwa refu zaidi. Ukitaka mbio, linakuwa fupi.

Koni inakatwa kwanza kwenye karatoni. Tuseme mdomo mkubwa una upana wa milimita 90 na mdogo milimita 40, na ubavu wa koni ni milimita 150. Ukiuendeleza ubavu huo hadi ncha, unapata milimita 270 kutoka mdomo mkubwa na 120 kutoka mdogo. Chora duara mbili zenye kituo kimoja, moja ya 270 na moja ya 120. Pembe ya kipande ni 360 mara 45, gawanya kwa 270: nyuzi 60. Kata, hamishia kwenye bati la milimita 1, kunja taratibu juu ya bomba nene, shika kwa nukta za kuchomelea kwanza, kisha funga mshono mzima. Paka maji ya sabuni, puliza. Panapotoka povu pana tundu.

Kijibomba cha mwisho kisiwe chembamba kupita kiasi. Moshi ukikosa njia, joto linarudi na pistoni inatoboka.

Bati lenye rangi ya zinki lisichomelewe ndani ya chumba: moshi wake unaleta homa. Tangi la esanse liondolewe kabisa. Na injini isiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, maana gesi yake haina harufu na inaua.

Na pikipiki zetu za leo?

Hapa ndipo wamotari wengi wanadanganyika. Boxer, TVS na Haojue za barabara zetu ni za mapigo manne. Zina valvu, ile ndoo iliyotoboka hawanayo. Bomba la Kaaden halina kazi kwao. Ukitoa silansie na kuacha bomba wazi, unapata kelele, esanse na hewa vinaacha kulingana, na mara nyingi nguvu ya chini, ile ya kupandisha mzigo mlimani, inapungua. Abiria anaungua mguu kwenye chuma kisichokuwa na kinga.

Tena kuna jambo zito kuliko esanse. Bomba lililo wazi, ukiachia gesi ghafla, linapasuka kama risasi. Katika kambi, katika hema la plastiki, yuko mama aliyetembea siku tatu akikimbia mlio wa namna hiyo. Yuko mtoto anayeamka na kuvaa viatu kabla hajauliza ni nini. Motari anayepita pale saa nne za usiku hana nia mbaya, lakini mwili wa mtu aliyekimbia haujui tofauti.

Kwa hiyo fundi anayejua kazi yake atapimwa kwa kutengeneza silansie iliyooza ikarudi kuwa kimya, kuziba tundu, kurudisha kinga ya mguu. Ni koni zile zile, mshono ule ule, hesabu ile ile.

Na kwa mafundi walioacha atelie zao Rutshuru, Masisi au kwingine na kufika mikono mitupu: vyuma vimebaki, lakini vipimo mmevuka navyo kichwani. Kijana wa kambini anayekaa bila kazi anaweza kuanza na mkasi na karatoni. Mfundisheni koni ya kwanza.