Mwinyi: Mwenye Nini?

Neno "mwinyi" ni ndugu wa "mwenye", yaani mtu aliye na kitu. Huko Unguja, cheo cha Mwinyi Mkuu kilikuwa cha ukoo uliotawala wenyeji. Alama za enzi yao zilikuwa ngoma na siwa. Sayyid Said bin Sultan alipoifanya Unguja makao yake, Mwinyi Mkuu alibaki na jumba lake la Dunga na heshima ya watu, bali si nchi. Ahmed, wa mwisho wao, alifariki mwaka 1873 bila ya mrithi wa kiume. Leo "umwinyi" ni lawama: kuishi kwa jasho la wengine. Tunapolitamka, tukumbuke kuwa wenye Dunga walipoteza nchi kabla ya neno lao kupoteza heshima.